Vumbi la Banda Moja

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu mkiusikia kwa Mzee Shaweji atautia chumvi mpaka uwe ng'onda. Siku ya kwanza niliyoachwa peke yangu kazini, nilichukua vumbi la banda moja la kuku nikalijaza kwenye vichupa vya mabanda yote ya mtaa. Nikaandika jina la kila mwenye kuku kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa Kiswahili hajawahi kubahatika kuuona. Nikavifunga, nikavikabidhi, nikaenda kucheza mpira. Banda lenyewe lilikuwa la mama yangu.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na najua mstaafu wa kawaida ana mvi na kiti cha uvivu. Mimi nina chunusi, na buti za mpira ambazo bado nadaiwa nizirudishe. Lakini nimeambiwa niwaandikie nyie wa kidato cha pili mnaoshika brashi baada yangu, na mstaafu akiombwa ushauri hakatai, hata kama ni wa kujiaibisha. Habari za mshahara na vyeo naziruka. Si unyenyekevu. Havikuwepo.

Wakati naajiriwa mimi, watu wazima walikuwa wanapunguzwa kazini. Kila mtaa wa Kilwa Masoko ulikuwa na baba aliyerudi kutoka shirika la umma na redio na sanduku, anakaa barazani akisubiri aitwe aambiwe kulitokea makosa. Mashirika yanauzwa, maduka ya watu binafsi yanafunguliwa, na kila mwenye ua amejenga banda la kuku, maana ruhusa ilikuwa imetoka: kila mtu afanye biashara yake. Katikati ya hayo yote, mimi napata kazi. Hilo peke yake liliwatosha watu kunishuku.

Aliyeniajiri ni Madam Salome, afisa mifugo, Mmakonde wa Newala, mwembamba, anaendesha pikipiki ya mradi wa magonjwa ya kuku akiwa na sketi ndefu na buti. Mtaani walimwita Bibi Mifugo. Alikuja shuleni kutafuta mwanafunzi anayeishi kwenye wafuga kuku wengi, akanikuta nafagia darasa peke yangu kwa adhabu.

"Huyu anafaa," akamwambia mwalimu wa baiolojia. "Yumo ndani ya vumbi na hakohoi."

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Huyu, Madam?"

"Ana kosa gani?"

"Leo, au kwa jumla?"

Nikachukuliwa. Siku ya kwanza hatukwenda popote. Madam alinikalisha kwenye kibanda nyuma ya ofisi yake, akapanga vitu mezani: sahani nyeupe za plastiki, waya, brashi ndogo za kupakia rangi, vichupa vyenye kifuniko cha kusokota, kalamu ya wino usiofutika, ndoo ya dawa. Nikamuuliza tunakwenda kupika nini.

"Sikiliza," akasema. "Kuku anaugua kimyakimya. Ukija kumwona anachechemea, ameshawaambukiza wenzake. Lakini manyoya na ngozi yake vinapukutika kila siku, na kirusi kimo humo humo. Vinaruka, vinatua. Sisi tunatundika sahani, tunakusanya kilichotua, maabara ya Dar inatuambia. Kuku anaficha, mwenye kuku anaficha. Vumbi haliwezi. Vumbi ni mmbea."

Ugonjwa aliokuwa anautafuta unaitwa Mareksi. Msiuchanganye na mdondo. Mdondo ukiingia hauhitaji maabara, unahitaji jembe la kufukia. Mareksi unakuja taratibu: kuku anapooza, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama anayepiga msamba kwenye sarakasi. Chanjo yake anapewa kifaranga akitotolewa tu. Ukichelewa, ndiyo umechelewa. Mtu haumdhuru hata akila hiyo nyama. Hilo la mwisho likumbukeni, maana nilikuja kutamani watu waliamini.

Sasa mambo ya kazi. Sahani ining'inie usawa wa kifua, mbali na kichanja wanacholala kuku, la sivyo hamtapata vumbi, mtapata kitu kingine. Kila banda na brashi yake. Buti zichovywe kwenye dawa kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Mpima vumbi anayehamisha ugonjwa kwa miguu yake ni mchawi mwenye barua ya serikali. Na msivute hewa kwa mdomo mkiwa mnachekeana. Nilijaribu.

Mtaa wetu uko nyuma ya soko. Baba ni fundi seremala, karakana yake imegusana na banda la mama. Mama anafuga kuku wa kisasa, weupe, wa mayai; mtaa mzima ni yeye peke yake mwenye hao. Wengine wana kuku wa kienyeji. Jirani wa ukuta ni Bi Mwanahawa, mjane, mwenye ua uliofagiwa hadi mchwa wanaona aibu kupita. Ng'ambo ya njia ni Mzee Shaweji, mmoja wa hao waliopunguzwa, ambaye kazi yake mpya ilikuwa kushuku.

"Wameuza viwanda," alisema alipotuona na sahani zetu, "wameuza mashamba ya mkonge, sasa wamefika kwenye vumbi."

Tulianza kwa Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini na mgeni wako?"

"Tunataka vumbi la bandani."

"Vumbi langu?"

"La kuku wako."

"Kuku wangu, basi na vumbi langu. La nini?"

Nyie ni watoto wa hapa, sina haja ya kuwaeleza sana. Kwetu vumbi haliombwi. Mtu akizoa mchanga ulioukanyaga, amekuchukua wewe mwenyewe. Unabaki unazunguka mjini lakini unyayo wako uko kwenye kitambaa cha mtu. Madam Salome alilijua hilo, kwao pia lipo. Hakubisha. Akaitoa sahani kwenye mfuko.

"Mama, leo sichukui kitu. Naacha. Hii ni sahani yangu, naitundika kwako wiki nzima. Kama ni uchawi, basi wewe ndiye mwenye changu."

Bi Mwanahawa akajizuia kucheka, akashindwa. "Mjanja huyu. Haya, tundika."

Mzee Shaweji alikuwa ameshavuka njia ili asipitwe. "Wamakonde kwa kuchanja tu! Kwanza mlichanja nyuso, sasa mmefika kwa kuku."

"Na nyie wa pwani kwa kushuku," Madam akamjibu huku anakaza waya. "Hata kivuli chako unakiuliza kimetumwa na nani."

Mzee alifurahi mno. Alimruhusu atundike sahani kwake bila kuuliza tena. Mambo ya utani hayo, mafunzo yake hamtayapata kwenye kitabu cha baiolojia. Nyumba zilizobaki, walipoona wawili hao wamekubali, nazo zikakubali.

Kwa mama ilikuwa rahisi. Alisema, "Itundikeni, lakini mimi siioshi. Sahani ya mradi, utaiosha mradi." Hakuna aliyekuwa ametaja kuosha. Mtu mwenye akili angejiuliza neno hilo limetoka wapi. Mimi nilikuwa nafikiria chakula cha mchana.

Wiki ilipotimia, Madam alikwenda Likawage kukusanya sahani za huko, akaniachia mtaa wetu. Alisema akirudi mchana apitie vichupa, aviwahishe kwenye basi la Dar. Nikavaa buti, nikashika brashi, nikajiona daktari. Nikabisha hodi kwa Bi Mwanahawa.

Sahani ilikuwa inang'aa kuliko siku tuliyoitundika.

"Nimekuoshea kila asubuhi," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Sahani chafu uani kwangu wiki nzima? Waja waseme nini? Na harusi ya Zuhura ndiyo hiyo mlangoni."

Zuhura ni binti yake. Alikuwa ameposwa na kijana wa Kivinje, na wale kuku wa Bi Mwanahawa walikuwa wanangoja karamu.

Nyumba ya pili, imeoshwa. Ya tatu, imeoshwa na kusuguliwa kwa jivu. Nyingine wameishusha kabisa, vifaranga wanalia pumba ndani yake. Kwa Mzee Shaweji haikuoshwa, imefukizwa ubani kama hirizi. Alisimama mlangoni pa banda akanizuia kwa fimbo.

"Usiiguse! Tangu hili kago limetundikwa, kicheche hajarudi."

"Mzee, si kago. Ni sahani."

"Wewe mtoto. Kago zuri halijitangazi."

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na Madam na mradi mzima: neno. Tungeiita kibao, tungeiita chochote. Tuliita sahani, na sahani kwenye ua wa Kiswahili ina sheria moja tu, nayo ni kuoshwa.

Nilichotakiwa kufanya ni kusema sahani ni tupu. Basi. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa sahani tupu. Lakini darasani walikuwa wameshaniita Bwana Vumbi, na nikaona nikirudi bila vumbi nitabaki Bwana peke yake, na sifanani. Halafu mchana tulikuwa na mechi na kidato cha nne. Nikaingia banda la mama. Mama alikuwa ametimiza ahadi yake: sahani yake ilikuwa na vumbi hadi ungeweza kupanda mchicha. Lilitosha vichupa vyote na likabaki. Nikazuga kwa kubadilisha brashi kila kichupa, ili niwe mwongo mwenye usafi.

Tukafungwa mabao mengi. Hilo nalo niliona halinihusu.

Majibu yalichelewa. Mvua zilikuwa zimeanza, basi likifika kivukoni Rufiji linalala na abiria wake wote. Nami nikasahau. Halafu mchana mmoja Madam Salome akaja mtaani bila kupiga honi, akaomba mwenyekiti aite watu. Akasimama mbele yao na karatasi yake, akasema:

"Ndugu zangu, mabanda yote ya mtaa huu yameonekana yana virusi."

Hapo tukakosea neno la pili. Wakati ule ukisema virusi, watu walijua ugonjwa mmoja tu, ule unaotajwa kwa sauti ya chini. Mama mmoja akamvuta mwanawe kwenye mapaja. Madam akaeleza mpaka sauti ikakwama: ni virusi vya kuku, haviingii kwa mtu, nyama inalika, ila mwenye kuku asiuze wa kufugwa kwingine, achinje, asafishe banda, apake chokaa, alipumzishe, ndipo alete vifaranga vilivyochanjwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Vichwa vilipofika nyumbani vikakataa.

Mimi nilikuwa nyuma, nimeegemea ukuta. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mtetea wetu mmoja mweupe alipiga msamba, mguu huku na mguu kule. Mama alimwangalia, akamwita baba na kisu, na siku hiyo tulikula kuku katikati ya wiki bila mgeni. Tuliambiwa tule tusiulize. Sasa nikaelewa: mgonjwa ni banda letu. Hayo mengine hakuna aliyeyapima.

Mtaa ukageuka. Watu waliokuwa wanaazimana jogoo wakaanza kuangaliana juu ya kuta. Huyu alisema ugonjwa umeletwa na jogoo wa yule, yule akasema hapana, ni bata wa huyu. Wote wakaja kukubaliana juu ya Chande, mchuuzi anayeleta vifaranga kutoka Dar na kununua kuku wakubwa. Ikasemwa amewatia ugonjwa makusudi ili anunue kwa bei ya kutupa. Na kweli Chande akaja siku ya pili na matenga yake, akisema amekuja kuwasaidia kwa moyo wa huruma. Nakiri mimi mwenyewe nilimshuku, na ndimi mtu pekee niliyekuwa najua mwenye kosa ni nani.

Kama ingeishia kwa kuku, labda ningenyamaza hadi leo. Lakini habari zilifika Kivinje, na njiani neno "kuku" likadondoka. Wakwe wakasikia kwamba mtaa wa kina Zuhura una virusi. Wakatuma ujumbe: harusi isubiri kwanza, mshenga atakuja Ijumaa baada ya sala kuuliza habari za nyumba hiyo. Hawakusema wamevunja. Walisema isubiri, na kwa msichana aliyekwisha poswa hadharani hakuna neno baya kama hilo. Zuhura akaacha kutoka nje. Nilikuwa namsikia Bi Mwanahawa ng'ambo ya ukuta akifagia ua uleule asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Alhamisi Madam Salome alinikuta karakanani kwa baba. Baba alikuwa anaranda mbao ya mninga, na ule unga wake mwekundu ulikuwa kila mahali. Mama huokota maranda hayo anatandaza bandani. Kuku hawapati unyevu na banda halinuki. Madam alikuwa na vichupa mfukoni, vile vilivyorudishwa na maabara vikiwa na vumbi kidogo. Akavipanga juu ya benchi, kimoja kimoja.

"Rangi gani hii, Issa?"

"Kahawia, Madam."

"Angalia vizuri."

"Nyekundu kidogo."

"Bi Mwanahawa anatandaza nini bandani kwake?"

"Mchanga wa pwani."

"Mweupe. Mzee Shaweji?"

"Hatandazi kitu."

"Basi huu mninga umefikaje kwao?"

Nilimtazama baba. Baba aliacha kuranda.

"Upepo wa kusi, Madam."

"Uliingia hadi ndani ya kichupa na kufunga kifuniko?"

Akavirudisha vichupa mfukoni. "Naweza kusema mimi kesho," akaniambia kwa sauti ya kawaida tu. "Lakini nikisema mimi, watasema Bibi Mifugo anajikosha. Wewe ni mtoto wao. Kesho mshenga anakuja." Akawasha pikipiki akaenda.

Baba aliendelea kuranda. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama yako hao kuku aliwapata kwa jasho lake." Nikisema kweli, harusi ya Zuhura itasimama wima na banda la mama litalala chini. Nikinyamaza, kuku wa mama wataendelea kutaga huku mtoto wa watu anaozea ndani kwa jina lisilo lake. Huo ndio ulikuwa mzani wangu, na sikuwahi kuutaka.

Ijumaa mshenga akaja, mzee wa kofia ya viua na fimbo nyembamba, mpole kama kisu kilicho ndani ya ala. Akakaa kwenye mkeka barazani kwa Bi Mwanahawa. Madam Salome alikuwepo. Mzee Shaweji alikuwepo, maana palikuwa na la kushuku. Chande naye alisogeza matenga yake karibu, akijua biashara. Mama aliingia na sinia la visheti kumsaidia jirani yake kupokea mgeni.

"Sisi hatuna neno na binti," mshenga akaanza. "Tunauliza tu. Mtu akisikia mvua inanyesha kwa jirani, huangalia paa lake."

Nikasimama. Sikumbuki kuamua.

"Kuku wa Bi Mwanahawa hawana ugonjwa. Hawakupimwa. Hakuna waliopimwa. Sahani zilioshwa, nikachukua vumbi la kwetu nikajaza vichupa vyote."

Walilipuka wote kwa pamoja. Mtu akasema nichapwe, mwingine akasema alijua tangu siku ile, na huyo ni mwongo kuliko mimi. Mzee Shaweji akasema kwa uchungu wa kweli, "Mtoto wa nani wewe?" ilhali anajua. Mshenga akanyanyua fimbo yake kidogo, kelele zikashuka.

"Kijana, juzi ulidanganya kwa kalamu. Leo unasema kwa mdomo. Sisi tushike lipi?"

Hilo sikulitegemea. Nilidhani ukweli ukisemwa, watu wanaupokea kama wageni wanavyopokea maji. Kumbe anayejulikana kwa uongo, hata ukweli wake unaombwa shahidi.

"Labda amefundishwa," mtu akasema. "Labda wamempanga, kuokoa harusi."

Madam akasogea kutaka kuongea, nao wakamgeuzia macho yaleyale. Nikaona kila kitu kinarudi nilipokitoa.

Mama akaliweka sinia chini.

"Huyu ni mwongo," akasema. "Mnamjua, na mimi namjua kuliko nyie. Ila leo anasema kweli. Kuku wangu mmoja alipiga msamba. Nilimchinja, tukamla, nikanyamaza. Vifaranga nilinunua kwa Chande, rahisi, sikuuliza kama vimechanjwa. Ugonjwa uko kwangu."

Chande alikuwa ameanza kusogeza matenga yake nyuma.

"Mimi niliambiwa vimechanjwa," akasema.

"Uliambiwa na nani?" Mzee Shaweji.

"Na aliyeniuzia."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Mzee, hii ni biashara huria."

"Ndiyo hiyo nauliza. Huru kwa nani?"

Mshenga hakuwa anawasikiliza hao. Alikuwa anamwangalia mama. Mwanamke hajitii aibu mbele ya mgeni wa harusi ya jirani bila sababu, na mzee yule alizijua aibu za aina zote. Akachukua kisheti, akakila hadi kikaisha. Tulijua ndiyo jibu.

Lakini wapwani hawaishii kwa kisheti. Mshenga alitaka pia vumbi lipimwe upya, na safari hii Bi Mwanahawa akae aone kila kitu. Madam aliniachia nimalize mzunguko huo wa pili, kwa sababu, alisema, mwizi aliyeshikwa ndiye mlinzi anayechungwa zaidi. Tulitundika sahani zilezile, lakini hakuna aliyezitaja tena kwa jina hilo. Tuliziita mitego. Mtego wa vumbi. Nyie mtakaokuja, shikeni neno hilo msiliachie: hakuna mwanamke anayeosha mtego, na hakuna mzee anayeufukiza ubani, maana mtego ukipewa heshima hauguswi, unaangaliwa kwa mbali. Hata Mzee Shaweji aliulinda wa kwake kwa fimbo hadi wiki ikatimia, kisha akanikabidhi kama anayemkabidhi polisi mtuhumiwa.

Vumbi la Bi Mwanahawa lilitoka jeupe, lenye mchanga. La Mzee lilikuwa na majivu ya ubani wa zamani. Maabara waliuliza ni nini, Madam akawaandikia ni mambo ya kwetu. Majibu yalipovuka Rufiji, mabanda yote yalikuwa salama, isipokuwa moja.

Harusi ilifanyika. Kuku wa kienyeji wa Bi Mwanahawa waliliwa na Kivinje nzima, na mshenga nilimwona akiangalia paja la kuku kwa muda kabla ya kuliuma. Siwezi kumlaumu. Mimi nilistaafishwa kwa manufaa ya umma, kama walivyostaafishwa wengi siku zile, tofauti ni kwamba umma wenyewe ulipiga makofi. Madam alinishika mkono akaniambia kazi yangu ya mzunguko wa pili ilikuwa nzuri. Wa kwanza hakuugusia, nami nikaona huo ndio uungwana wa Wamakonde.

Tangu ile Ijumaa hadi majibu ya pili, mama hakuniambia neno juu ya jambo hilo. Alinipa chakula, alinituma dukani, alinigombeza kwa soksi. Nilikuwa namshuku. Kila alipovuta pumzi nilidhani sasa. Nikifanya utani, ananitazama hadi utani unajikalia wenyewe.

Siku ya kuchinja, jirani zetu walikuja kusaidia. Bi Mwanahawa alileta sufuria lake kubwa la maji ya moto, akakaa kunyonyoa bila kuulizwa. Baba alinoa kisu. Mama alikuwa anawatoa kuku bandani mmoja mmoja, weupe, wazito, wengine bado na yai tumboni, na kila mmoja alimpangusa vumbi la mninga mgongoni kabla ya kumleta, kama wanaokwenda mahali pa watu. Nilisimama pembeni sijui mikono niiweke wapi. Akanifikia na wa kwanza, akanisukumia kifuani.

"Issa," akasema, "uongo ni kazi ya wenye akili, na wewe Mungu hakukupa hizo. Basi wewe sema kweli tu, mwanangu, hiyo haina masharti. Haya, mshike miguu."